Vita vya Urusi na Ukraine: maswali tunayoulizana Dodoma

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na jioni huketi kijiwe cha kahawa karibu na Soko la Majengo. Tangu Februari 2022 hakuna wiki iliyopita bila mtu kuniuliza jambo juu ya vita hivi: mama lishe, dereva wa bodaboda, mkamua alizeti wa Kibaigwa, mzee wa Kongwa aliyekuja mjini kufuatilia mafao yake. Nimeyaandika maswali kwa maneno yao wenyewe, kadiri nilivyoyakumbuka. Pale ninaposema maoni yangu, nitasema ni maoni yangu.

Mwalimu, hivi hawa jamaa wanagombea nini hasa?

Ardhi. Utasikia habari za NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, za lugha, za wafalme wa zamani, na yote hayo yamo. Lakini ukifuatilia hadi chini utakuta ni ardhi, na nani mwenye haki ya kuiamulia.

Urusi na Ukraine zote zilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1954 rasi ya Crimea ilitolewa Urusi ikawekwa chini ya Ukraine, na kwa kuwa nchi ilikuwa moja, lilikuwa jambo la utawala tu, kama sisi tungeitoa Manyoni mkoa wa Singida tukaileta Dodoma. Umoja ulipovunjika mwaka 1991, kila jamhuri iliondoka na mipaka yake ileile, na mpaka uliokuwa kama wa mkoa na mkoa ukageuka mpaka wa nchi na nchi. Desemba 1991 wananchi wa Ukraine walipiga kura na zaidi ya asilimia 90 wakataka nchi yao ijitegemee. Hata Crimea, penye Warusi wengi, waliosema ndiyo walizidi nusu.

Mwaka 1994, mjini Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwenye ardhi yake. Urusi, Marekani na Uingereza zikatia sahihi kwamba zitaiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na mapigano yakaanza Donetsk na Luhansk upande wa mashariki. Alhamisi ya tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yakaingia Ukraine kutoka pande kadhaa. Septemba 30 mwaka huohuo Urusi ikatangaza kwamba mikoa minne ya Ukraine ni yake, ingawa hakuna hata mmoja kati ya hiyo ambao jeshi lake lilikuwa limeushika wote.

Si ni ndugu hao? Wanasikilizana hata lugha.

Ndugu, ndiyo. Wamasai wako Kenya na wako Tanzania. Wamakonde wako kusini kwetu na ng'ambo ya Mto Ruvuma. Wachewa wamegawanyika nchi tatu. Kama lugha moja ingekuwa hati ya kumiliki ardhi, Afrika nzima ingekuwa inapigana tangu uhuru hadi leo.

Hili ndilo jambo ambalo natamani kila mwanafunzi wangu alijue kuliko majina ya vifaru. Mipaka yetu ilichorwa na watu wasioijua nchi, mingine kwa rula. Wazee wetu waliopata uhuru walikuwa na kila sababu ya kuikataa. Julai 1964, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, Mwalimu Nyerere ndiye aliyetoa hoja kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Hoja ilipita, ingawa Somalia na Morocco hazikuikubali. Hakuna aliyekuwa anaisifu kazi ya mkoloni siku ile. Waliona kwamba kuifungua mipaka ni kuchimba makaburi kila kijiji.

Ndiyo maana siku tatu kabla ya vita, balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alipozungumza kwenye Baraza la Usalama, watu walimsikiliza hadi huku. Alisema nasi tuna ndugu ng'ambo ya mipaka tusiyoichora, lakini tulichagua kuifuata badala ya kupigana kwa kutamani yaliyopita. Jioni ile pale kijiweni mzee mmoja aliomba hotuba ile ichezwe kwenye simu mara mbili, kisha akaomba atafsiriwe upya, taratibu.

Basi kwa nini sisi wenyewe tunabishana na Malawi kuhusu Ziwa Nyasa?

Swali gumu, na nilipoulizwa mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Malawi inasema mpaka ni ufukwe wa upande wetu, kwa mkataba wa Mjerumani na Mwingereza wa mwaka 1890, na inaitumia kanuni hiyohiyo ya Cairo. Sisi tunasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya nchi zinazopakana kwa ziwa. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta ziwani, jambo hili lilizungumzwa kwa ukali bungeni hapahapa Dodoma, na vijana mitaani wakaanza kuhesabu ndege za kivita. Kisha likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika, Joaquim Chissano wa Msumbiji akiongoza. Bado halijaisha. Lakini wavuvi wa Mbamba Bay wanavua, na hakuna aliyepigwa bomu. Mimi naona kuchelewa kwa namna hiyo ni heri.

Wazee wa Kongwa wanasema Mrusi ndiye aliyetusaidia. Leo tumgeuke?

Wazee wa Kongwa wanasema kweli, na kijana anayewacheka hajui anachokicheka. Kuanzia mwaka 1964, Kongwa, palepale Mwingereza aliposhindwa na mradi wake wa karanga, ilipokea kambi za wapigania uhuru: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Wenyeji waliishi nao, waliwauzia mtama na kuku, wengine wakaoleana. Silaha na mafunzo vilitoka kwa wingi upande wa Kisovieti, wakati mataifa makubwa ya Magharibi yalikuwa yakifanya biashara na makaburu. Deni hilo lipo, na wazee wana haki ya kulikumbuka.

Ila nawaomba wazee wangu waongeze jambo moja. Aliyetusaidia alikuwa Msovieti, na ndani ya Usovieti walikuwemo Waukraine. Wapiganaji wa kwanza wa ANC waliofika Kongwa wengi walikuwa wametokea mafunzoni Odesa, mji wa bandari wa Ukraine. Na kituo kikubwa kilichowafundisha wapiganaji wa Msumbiji, Guinea-Bissau, Zimbabwe na Namibia kilikuwa Perevalnoye, ndani ya Crimea hiyohiyo inayogombaniwa. Mkufunzi aliyemwonyesha kijana wa FRELIMO kutega bomu la daraja huenda wajukuu zake leo wamejificha kwenye handaki, wakikimbia makombora.

Nilimweleza haya mzee mmoja wa Kongwa. Nilimwamkia kwa "mbukwa", nikamwekea kahawa, nikasema taratibu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza: "Sasa hao wa Odesa, nani anawapelekea chakula?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Tanzania iko upande gani?

Haifungamani na upande wowote, ndivyo serikali inavyosema. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura ya kuitaka Urusi iondoe majeshi, nchi 141 zilikubali, 5 zikapinga, 35 hazikuegemea popote. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 35, pamoja na Uganda, Burundi na Msumbiji. Kenya ilikubali, Rwanda nayo. Oktoba 12 mwaka huo, kwenye kura ya kukataa kutwaliwa kwa ile mikoa minne, hatukuegemea tena.

Maoni yangu: naielewa kura ya Machi, ya Oktoba inaniumiza. Kutofungamana kunatufaa nchi ndogo. Kulitujengea reli ya TAZARA kwa mkono wa Mchina huku tukiongea na kila mtu. Lakini kura ya Oktoba haikuuliza nani rafiki yetu. Iliuliza kama nchi inaweza kuchukua mkoa wa jirani kwa bunduki na kuutangaza wake. Hilo tulikwisha kulijibu.

Unamaanisha Kagera?

Ndiyo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800, sasa ni Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Ukimwuliza mtu yeyote hapa aliyezidi miaka 55 atakumalizia hotuba ile bila kusoma.

Kinachosahaulika ni upweke wa siku zile. Tuliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani mvamizi. Wengi wakatuambia tusuluhishwe, kana kwamba wote wawili tuna kosa sawa. Mwalimu aliuliza ni usuluhishi gani kati ya mwenye nyumba na mwizi aliye ndani, na watu wakasikia uchungu wake. Huku kwetu, mbali kabisa na Kagera, watu walichanga ng'ombe, nafaka, hata kuku. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Kisha tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na kufunga kwenyewe hakukuishia hapo: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, nguo zenye viraka. Marehemu mama yangu alikuwa akiita mwaka wowote wa shida "miezi kumi na nane".

Basi nikiwaona Waukraine wakisema "wametuingilia", siwezi kuwasikia kama watu wa mbali.

Lakini hivyo ni vita vya Wazungu. Mgogo wa Bahi vinamhusu nini?

Kaa nikusimulie. Mwaka 1914 Mjerumani na Mwingereza walianza kupigana, nasi hatukuwa na ugomvi na yeyote. Jeshi la Mjerumani lilichukua ng'ombe na nafaka Ugogo, likachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza wakaiteka Dodoma Julai 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Wengi hawakurudi. Mashamba yalikosa wa kulima, vihenge vikabaki vitupu, na mvua ikagoma. Vita vyenyewe vilimalizika Novemba 1918. Huku njaa ndiyo ilikuwa inaanza.

Wagogo wanaiita Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920. Watu walikula ngozi za kulalia. Walihama kwa miguu, na njia zikajaa waliolala wasiamke. Mafua makali yaliyozunguka dunia miaka ile yaliwakuta wamekonda. Zipo familia hapa ambazo ukoo wao unaanza kuhesabiwa upya kuanzia aliyenusurika Mtunya.

Kwa hiyo mtu akiniambia vita vya Wazungu havituhusu, mimi namwuliza babu yake alikula nini mwaka 1919.

Alizeti tunalima wenyewe. Iweje mafuta ya kula yapande kwa sababu ya Ukraine?

Hili ndilo swali la kina mama wa Sabasaba, na ndilo lililoulizwa kwa hasira kuliko yote. Dumu la lita 20 lilipanda hadi mama wa maandazi akaanza kununua mafuta kwa kipimo cha kikombe.

Ni kweli, Singida na Dodoma ndiko nyumbani kwa alizeti. Ukipita Kibaigwa msimu wa mavuno unasikia harufu ya mashudu kabla hujaona kinu. Lakini miaka ile serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya nchi kuwa tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani tani 205,000 hivi. Zaidi ya nusu ya kikaango cha Tanzania kilijazwa na mafuta ya nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Na Ukraine peke yake ilikuwa ikiuza karibu nusu ya mafuta ya alizeti yanayovuka mipaka duniani. Bandari za Bahari Nyeusi zilipofungwa, waliokuwa wakinunua alizeti ya Ukraine wakakimbilia mawese tunayoyategemea sisi. Aprili 28, 2022 Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasitoke, kwa muda wa wiki tatu hivi. Meli hazikuwa na cha kupakia.

Mafuta ya magari yalifuata. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni 2022. Mbolea ilipanda pia, kwa kuwa Urusi na jirani yake Belarus ni wauzaji wakubwa. Utasema Mgogo wa mtama na uwele hatumii urea. Sawa, lakini mahindi anayonunua Machi ghala likiisha yanatoka Rukwa na Ruvuma, na huko bila mbolea hakuna kitu. Agosti mwaka ule ikaja ruzuku ya mbolea, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha.

Angalau mkulima wa alizeti alipata faida?

Msimu mmoja. Bei ya gunia ilipanda, watu wakalima kwa nguvu, hata waliokuwa hawajawahi kuigusa alizeti walikodi mashamba Kongwa na Mkalama. Mavuno ya 2023 yalipofika, mafuta ya nje yalikuwa yameingia tele na bei ya dunia imeshuka, na gunia likaanguka vibaya. Shemeji yangu aliuza kwa bei isiyorudisha hata gharama za trekta. Hakulaumu Putin wala Zelensky. Alilaumu mvua, kisha akajilaumu mwenyewe, na mimi niliyekuwa nimemshauri alime ekari kumi badala ya nne ndiye niliyepaswa kulaumiwa.

Kwa nini vijana wanashabikia kama Simba na Yanga?

Kwa sababu vita vyenyewe wanaviona kwenye simu, vimekatwa vipande vya sekunde thelathini na kuwekewa muziki. Wengi wanaompenda Putin kwa kweli wana hasira na Magharibi: Libya ya 2011, Irak ya 2003, viza wanazonyimwa. Hasira hiyo ina msingi. Iraq ilivamiwa kwa uongo wa silaha zisizokuwepo na aliyeivamia hajawahi kushtakiwa. Lakini nawaambia wanafunzi wangu: kosa la Baghdad lilikuwa kosa kwa sababu mwenye nguvu aliingia nyumba ya mtu. Ukilijua hilo kuhusu Baghdad unalijua pia kuhusu Mariupol, mji wa Ukraine uliobomolewa na majeshi ya Urusi.

Na kuna wanaoshabikia upande wa pili kwa namna ileile, wakifurahia kila askari wa Urusi anayeungua ndani ya kifaru. Huyo naye ana mama.

Ni kweli wanafunzi weusi walisukumwa nyuma mpakani?

Ni kweli. Wanafunzi wengi wa Kiafrika waliokuwa wakikimbia Ukraine walieleza kuzuiwa kupanda treni na kuwekwa nyuma ya foleni kwenye mpaka wa Poland, na Februari 28, 2022 Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani. Watanzania waliokuwa wakisoma huko, wengi udaktari, walitoka kwa shida kubwa. Nimesikia watu wakisema, "Basi waache wapigwe." Siwezi kuungana nao. Ubaya wa askari wa mpakani haumhalalishii mtu mwingine kuibomoa hospitali ya wazazi.

Mwanangu ameahidiwa kazi Urusi, mshahara wa dola. Aende?

Mwulize kwanza kazi ni ya nini, mkataba uko lugha gani, na nani anashika pasipoti. Januari 2023 wizara yetu ya mambo ya nje ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa jela, kisha akakubali kwenda vitani na Wagner, kundi la mamluki la Urusi, ili aachiwe. Serikali ilikumbusha siku ile kwamba sheria zetu haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Mabinti nao wamekuwa wakivutwa kwa matangazo ya "kazi na masomo" Tatarstan, jimbo la Urusi, na mashirika ya habari yameripoti kwamba wengi wao walijikuta wakiunda droni za kivita. Wapo wanaosoma Urusi kwa amani kabisa kwa ufadhili wa kweli, unaopitia wizara ya elimu. Kama barua haikupita huko, mama, mshike mkono mwanao.

Nani atashinda?

Sijui, na wanaojua wote pale kijiweni walijua tangu wiki ya kwanza kwamba vitaisha kwa siku tatu.

Niuze alizeti sasa au niihifadhi?

Usisikilize habari za vita peke yake. Sikiliza kwanza bajeti inayosomwa hapa Dodoma kila Juni, uone ushuru wa mafuta ya nje umepanda au umeshuka; hiyo inakugusa haraka kuliko jambo lolote la Odesa. Kama una pa kukamulia, kamua sehemu, uza mafuta kidogokidogo, na mashudu usiyatupe kwa bei ya bure, wafugaji wa kuku wa mjini wanayatafuta. Gunia mbili weka kando, usiziguse hata bei ipande vipi. Shemeji yangu siku hizi ndivyo anavyofanya, na amerudi kwenye ekari zake nne.